Msiba wa Mtu Aliye Hai

Tulimzika Ma Anastela mwezi uliopita, kwenye kibanja chake mwenyewe, huku Karagwe, njia ya Rugera, katikati ya migomba aliyoirithi kwa baba yake na mingine aliyoipanda kwa mkono wake. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Maji yalikuwa yametuama juu ya turubai, na kila upepo ulipopita yalimwagika mgongoni mwa mtu. Padri alimaliza sala, jeneza likashushwa, vijana wakashika majembe na machepe. Ndipo mzee Laurian, aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji na baadaye diwani wetu, akaomba kipaza sauti. Akapewa, maana siku hizi ukishakuwa mzee mwenye koti na fimbo hunyimwi kipaza sauti hata kama huna la kusema. Akakohoa, akatutazama, akasema, "Ndugu waombolezaji, leo tunamsindikiza mgeni wetu mpendwa." Mgeni. Mwanamke aliyezaliwa pale pale, akaolewa pale pale, akazika mume na watoto wawili pale pale. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nina umri wa kuitwa bibi sasa, nina presha, na daktari amenikataza hasira. Lakini daktari hakuwepo pale kumsikia Laurian. Yaliyofuata nitayasema. Kwanza lazima nieleze kwa nini neno lile, kinywani mwa mtu yule, ni tusi, na kwa hilo sina budi kurudi kwenye mwaka wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, nilipokuwa mpangaji katika nyumba ya marehemu.

Nilitoka kwetu Songambele nikiwa msichana wa miaka ishirini na kidogo, nikaja kufundisha watoto wa vidudu kwenye shule ndogo ya parokia. Ilikuwaje nikaondoka nyumbani, hiyo ni habari nyingine na haina faida hapa. Ma Anastela alikuwa mjane, watoto wake wakubwa wameshajitegemea, akanipa chumba. Nyumba ilikuwa ya miti na udongo, imeezekwa bati, na ukuta uliotenganisha chumba changu na chake haukufika juu. Nilimsikia akisali, nilimsikia akikohoa, nilimsikia akimsimulia marehemu mumewe bei ya kahawa. Sakafuni tulitandika nyasi, tukazibadilisha kila Jumamosi, na mpaka leo nikinusa nyasi mbichi zilizokatwa nakumbuka nyumba ile, na harufu ya moshi, na buni zilizoanikwa mpaka chini ya vitanda. Chakula kilikuwa ndizi na maharage, kesho yake maharage na ndizi. Alikuwa akivifunika kwa majani ya mgomba mpaka vinalainika, halafu anaepua, anafunua, mvuke unampiga usoni, naye anasema kila siku neno lile lile, "Njoo mwalimu, chakula hakingoji mwenye elimu." Hakukubali mtu ale peke yake. Hata kama nimechelewa shuleni nilimkuta ameketi na sufuria imefungwa, kahawa ya kutafuna iko kwenye kipande cha jani, ananingoja.

Babu wa watoto wake, yaani baba yake yeye, alitoka Rwanda akiwa kijana kuja kufanya kibarua cha kahawa, miaka ambayo hata Laurian alikuwa hajazaliwa. Akapewa kibanja, akaoa, akabaki. Ma Anastela alizaliwa hapo. Runyambo, lugha ya huku, aliizungumza vizuri kuliko mimi, na alinicheka nilipochanganya maneno. Kinyarwanda alikuwa nacho kidogo, cha sala za baba yake tu. Na tena alipenda kupiga kura kuliko mtu yeyote niliyewahi kumjua. Enzi za chama kimoja, wagombea ubunge walipopewa alama ya jembe au nyumba, alikuwa akiamka mapema, anafunga kitenge chake cha Pasaka, anakuwa wa kwanza kituoni. Nilimwuliza siku moja alikuwa akichaguaje. "Jembe," alisema. "Kwa nini jembe?" "Nyumba ninayo, mwanangu. Jembe langu limelika." Akacheka mpaka akashika ubavu. Miaka yote hiyo hakuna aliyemwuliza babu yake alizikwa wapi. Viongozi walipita nyumba kwa nyumba wakimhimiza aende, wakampigia na ngoma. Kura yake ilipokuwa haiwezi kumwondoa mtu madarakani, alikuwa raia mwema. Siku kura ilipopata meno, ndipo wakaanza kumchungulia pua. Hili ndilo linaloniudhi kuliko yote, na sijapata bado mtu wa kunieleza vinginevyo.

Mwaka ule magari yenye vipaza sauti yalianza kufika mpaka kwetu, watu wakapewa kofia na fulana, wanaume wakabishana vilabuni habari za vyama kana kwamba wamevizaa wao. Laurian alikuwa mwenyekiti wa kijiji na aliutaka udiwani. Kibanja chake kilipakana na cha Ma Anastela, na katikati yao ulikuwa mstari wa miti ya omuramura, ile tunayoipanda huku kuonyesha mpaka. Walikuwa majirani wa kuombana moto na chumvi. Lakini Laurian alikuwa na tatizo lililoitwa bonde. Bonde la chini lilikuwa likilimwa maharage wakati wa kiangazi na familia ambazo wazee wao walitoka Rwanda na Burundi, na serikali yake ya kijiji ilikuwa imelimega na kumpa mfugaji mmoja tajiri. Familia zile zilipoteza chakula cha msimu mzima. Hazikupiga kelele. Zilisema tu, kwa upole, kwamba uchaguzi unakuja.

Nilisikia kwa masikio yangu jinsi walivyopanga kuzijibu. Alasiri moja nilikuwa nyuma ya nyumba nasugua vyungu kwa majivu, na ng'ambo ya omuramura Laurian alikuwa ameketi na wageni wawili wakinywa rubisi, pombe yetu ya ndizi. Mmoja akasema, "Hawa wa bondeni wakiandikishwa wote, Mwenyekiti, umekwisha." Laurian akajibu taratibu, kama mtu anayeeleza namna ya kupogoa kahawa: "Waandikishwe na nani? Karani anatoka mbali. Hapa hamjui mtu. Anayewajua watu wa hapa ni mimi. Nikisema simjui fulani, nani atafungua mdomo kusema anamjua?" Yule wa pili akauliza, "Na wale waliozaliwa hapa?" "Wote wakimbizi," Laurian akasema. "Mwaka jana wameingia wangapi? Nani atawatenganisha?" Wakacheka. Ni kweli mwaka uliotangulia wakimbizi walikuwa wameingia Karagwe kwa makundi makubwa, na shida yao tuliiona kwa macho. Lakini Laurian hakuchanganyikiwa. Alijua nani alivuka mpaka jana na nani alimshika mkono yeye mwenyewe alipojifunza kutembea. Kikulacho ki nguoni mwako. Jioni ile ile alimletea Ma Anastela kibuyu cha rubisi, kama jirani mwema, akamwamkia shikamoo.

Nilimwambia Ma Anastela yote niliyoyasikia. Alikuwa akimenya ndizi, na kisu hakikusimama. "Laurian?" alisema. "Mimi nilimwosha mama yake." Akachukua ndizi nyingine. Kwake neno hilo lilitosha, na anayejua desturi zetu ataelewa. Huku kwetu maiti haoshwi na mtu wa kupita. Anaoshwa na wake: dada, mkwe, jirani wa damu. Ma Filomena, mama yake Laurian, alipofariki, Laurian mwenyewe ndiye aliyevuka omuramura kuja kumwita Ma Anastela aje kumwosha. Mtu uliyemkabidhi mwili wa mama yako huwezi kesho kusema humjui. Hivyo ndivyo alivyoamini yule mama, na mimi kwa ujinga wa ujana nikaamini naye.

Uandikishaji ulifanyika katika darasa moja la shule ya msingi. Tuliondoka nyumbani pamoja, yeye na kitenge cha Pasaka, mimi na sketi yangu ya kufundishia. Karani alikuwa kijana mpole, mgeni wa mkoa, amekaa nyuma ya dawati la mwalimu. Pembeni yake, kwenye kiti cha kukunja alichokuja nacho kutoka nyumbani, Laurian. Nilitangulia mimi. Karani akaniuliza jina na umri, akamtazama Laurian, Laurian akatikisa kichwa kukubali, basi. Mimi niliyehamia juzi, nisiyejua hata kisima cha pili kiko wapi, niliandikwa kabla sijakaa vizuri, kwa sababu jina la babu yangu lilikuwa la Kinyambo. Akaja Ma Anastela. Akataja jina. Karani akamtazama Laurian. Laurian akatazama dirishani.

"Huyu ni wa kuhakikiwa," alisema.

"Laurian," Ma Anastela akamwita, bila cheo.

"Mama, si mimi, ni utaratibu. Lete barua ya wilayani inayoonyesha uraia. Wengine."

"Laurian, mwanangu. Nitazame basi."

Hakumtazama. Foleni ilikuwa ndefu nyuma yetu, watu tuliosali nao, tuliochuma nao kahawa. Nilitaka mtu mmoja tu aseme, "Mwenyekiti, acha mchezo." Waliangalia miguu yao. Wanasema asiyekujua hakuthamini. Hawa walimjua vizuri. Baada yake waliitwa wale wa bondeni, mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa wa kuhakikiwa. Tulirudi nyumbani. Alipika kama kawaida, akaepua, akafunua majani, mvuke ukampiga usoni, ila hakusema neno lake la kila siku. Alinipakulia mimi, yeye hakula. Nilimsikia upande wa pili wa ukuta akimwambia mumewe, "Wameniuliza mimi ni nani." Nililia kwa hasira mpaka mto ukalowa, na sioni haya kuliandika.

Tulikwenda Kayanga, makao ya wilaya, kutafuta hiyo barua. Tulipanda lori la mchanga asubuhi, tukafika na vumbi mpaka kwenye kope, tukanawa kwa bomba la sokoni ili tusidharauliwe. Kwenye ofisi tuliyoelekezwa, mhusika alikuwa safarini. Tukaambiwa tujaribu ya jirani. Ya jirani wakasema jambo hilo linaanzia kwa mwenyekiti wa kijiji, turudi kwake aandike kwamba anamtambua mama huyu. Nikamweleza yule bwana kwamba mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyetutuma kwake. Akasema, "Basi mwambieni tumepokea ujumbe wake." Alikuwa akila karanga, na aliendelea kuzila. Tulikaa kwenye kibanda cha chakula karibu na stendi, tukanywa chai ya rangi na andazi moja tukagawana, na Ma Anastela akasema jambo ambalo sijalisahau: "Mwalimu, mtu akikunyang'anya shamba unajua amelipeleka wapi. Huyu amenichukua mimi, sijui ameniweka wapi." Nilipomaliza chai nilikuwa nimeapa moyoni kwamba hatarudi hivi hivi. Ila kuapa ni kazi rahisi. La kufanya sikulijua.

Aliyelijua alikuwa Koleta. Koleta alikuwa Mnyambo wa ukoo mkubwa, mwenye mwili, mwenye sauti, kiongozi wa wanawake katika chama chetu cha kuzikana. Kila nyumba pale kijijini ilikuwa ndani ya chama hicho. Mtu akifa, wanaume wanachimba, wanawake wanaleta ndizi na kuni na maji, nyasi zinatandikwa uani, watu wote wanakaa chini. Mpaka maiti azikwe hakuna anayeinua jembe, na anayesikia kilio hawezi kupita bila kuingia kukaa. Akipita, anatozwa faini ya pombe, na aibu yake hufuata mpaka watoto. Familia za bondeni zilikuwa humo miaka yote. Ukweli ni kwamba vijana wao ndio walikuwa wachimbaji wetu wakubwa. Jioni moja, zikiwa zimebaki siku chache tu uandikishaji ufungwe, Koleta alikuja jikoni kwetu na wanawake wengine. Wakaketi kwenye nyasi. Ma Anastela akawapa kahawa ya kutafuna. Wakatafuna.

"Kesho ukifa tukuzike wapi?" Koleta akauliza ghafla.

"Hapa. Na baba yangu."

"Mwenyekiti anasema hakujui. Tutamzikaje mtu asiyejulikana?" Akatema maganda ya kahawa motoni. "Mimi nasema hivi. Amekwisha kuuawa. Aliuawa pale darasani, tukasimama tukatazama, na mimi nilikuwepo, nikatazama kiatu changu. Maiti hajaliliwa. Twendeni tukamlilie."

Wanawake waliguna. Mmoja akafanya ishara ya msalaba. Kwetu kumlilia mtu aliye hai ni kumwita mauti. Mtoto akicheza mchezo wa msiba anachapwa. Mwanamke mmoja akasema, "Koleta, hilo ni jambo la uchuro. Akija kufa kweli mwezi huu tutajiambiaje?" Koleta akajibu kwamba hilo si lake kuamua. Wote tukamgeukia Ma Anastela. Alikuwa akikoroga moto kwa kijiti. Alikuwa mtu wa kanisa na tena mtu wa zamani, aliogopa bundi na aliogopa dhambi, vyote viwili. Nilijua alikuwa anaombwa kitu kikubwa kuliko kura. Alikaa hivyo mpaka maji ya kunawa yakapoa.

"Nifunge kitambaa kipi?" aliuliza.

Asubuhi, jua lilipokuwa limetoka vizuri na watu wameshaingia mashambani, Koleta alisimama kwenye uwanja wa shule, mbele ya mlango wa darasa lile, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe la msiba. Sijui niliandikeje yowe lile. Linaanzia chini, linapanda, na ukilisikia jembe linaanguka lenyewe. Wanawake wakapokea. Tukatandika nyasi tulizokuja nazo vichwani, tukakaa chini, Ma Anastela katikati yetu, amejifunga shuka jeupe kiunoni, kimya kabisa. Watu wakaanza kutoka migombani. Hawakujua ni nani aliyekufa. Hilo huulizi, unakuja kwanza. Wanaume walikuja na udongo miguuni, wakavua kofia, wakaketi. Waliokuwa kwenye foleni ya kuandikishwa wakatazamana, halafu nao wakakaa, maana huwezi kusimama mbele ya msiba. Kabla ya saa nne hakukuwa na mtu shambani kijiji kizima. Mzee mmoja alimsogelea Koleta, akanong'ona, "Ni nani, waitu, jamani?" Akajibiwa, "Ma Anastela." Yule mzee akamwona Ma Anastela amekaa pale pale, akaelewa, akavua na viatu.

Karani alitoka mlangoni, kalamu mkononi. Alikuwa mtu wa mbali lakini matanga aliyajua. "Poleni," akasema kwa heshima. "Nani amefariki?"

"Ma Anastela," Koleta akajibu.

"Si huyu hapa?"

"Wewe unamwona?"

"Namwona."

"Mbona siku ile hukumwona?"

Karani aliitazama kalamu yake. Nyuma yake akatokea Laurian, na kwa mara ya kwanza nilimwona mtu yule hajui aweke wapi mikono. Akifukuza waombolezaji, amekwisha. Akipita katikati yetu kwenda nyumbani, amepita msiba bila kukaa, naye ndiye aliyepitisha ile faini mkutanoni. Alisimama kizingitini, jua machoni. Akajaribu ukali: "Hii ni fujo. Nitaita polisi." Mzee aliyevua viatu akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kaa chini, Mwenyekiti. Kuna msiba." Wengine wakasema hivyo hivyo, kutoka pembe hii na ile, hakuna aliyepaza sauti. Kaa chini. Na Laurian, akiwa na suruali yake ya kampeni, akakaa chini kwenye nyasi.

Koleta akamgeukia. "Laurian, mwana wa Filomena. Mama yako alioshwa na nani?"

Laurian aling'oa unyasi mmoja.

"Tulikuwa wengi siku ile. Mimi nilikuwepo, nilijitolea, ukanikataa. Ukasema unamtaka aliyemlisha uji alipougua. Nani?"

"Anastela," akasema.

"Mgeni anaosha maiti wa kwetu?"

"Hapana."

"Basi mwambie karani."

Alisema. Alisema akitazama nyasi, kwa sauti ambayo ningependa kusema ilikuwa ya toba. Haikuwa ya toba, ilikuwa ya mtu aliyebanwa. Karani, Mungu ambariki popote alipo, akatoa dawati nje, akaliweka pale pale kwenye nyasi, akauliza, "Nani mwingine anamfahamu mama huyu?" Uwanja mzima ulisimama. Wale wale walioangalia miguu yao. Nilifurahi na nilikasirika kwa wakati mmoja, maana kama walikuwa na miguu ya kusimamia leo, walikuwa nayo hata siku ile. Aliandikwa. Wakaandikwa na wa bondeni waliokuwepo, kila mmoja na majirani wawili pembeni yake. Lakini wengine walikuwa wameshakata tamaa, wamekwenda kutafuta vibarua upande wa Kyerwa au kwa ndugu, na uandikishaji ukafungwa hawajarudi. Hao hakuna aliyewalilia.

Siku ya kura karatasi zilichelewa. Watu walifika alfajiri, jua likapanda, likawachoma, likaanza kushuka, na kila tulipouliza tuliambiwa gari liko njiani. Nilitazama watu wakiondoka mmoja mmoja, mwenye mtoto mgonjwa, mwenye ng'ombe, na nikawaza kwamba huenda hakuna aliyepanga ucheleweshaji ule, lakini aliyeupenda yupo. Ma Anastela alikuwa amekuja na kigoda, na ndizi za kuchoma kwenye leso. Aliwagawia waliokuwa karibu ili wasiondoke. "Kula, kaa," alikuwa akisema. "Msiba ule tulikaa, hili la kura litushinde?" Alipiga kura jioni, kwenye chumba kile kile, na alipotoka alinionyesha kidole chenye wino kana kwamba kimevishwa pete. Laurian alishinda. Ndiyo, alishinda. Alishinda kwa sababu vijiji vingine vya kata havikuwa na Koleta, na wa kuhakikiwa wakabaki wa kuhakikiwa. Nilirudi nyumbani nikapiga teke ndoo. Ma Anastela alikuwa ameshapakua. "Njoo mwalimu, chakula hakingoji mwenye elimu." Nikamwambia sina hamu, tumeshindwa. Akanitazama kwa mshangao. "Kushindwa nimekuzoea, mwanangu. Kahawa inashuka bei, mvua inachelewa. Lakini nimeshindwa nikihesabiwa. Kaa ule."

Kauli hiyo imenisaidia, lakini haijaniponya. Watu hupenda nisimulie kisa kile kama kichekesho, karani na kalamu yake, Mwenyekiti kwenye nyasi. Wanacheka, nami nawaacha wacheke. Halafu wananiambia siku hizi mambo ni tofauti, kura za nini, kwani zinabadilisha nini. Furaha, mjukuu wa Ma Anastela, aliniambia hivyo hivyo usiku wa kuamkia mazishi. Ni msichana msomi wa simu kubwa, na hajawahi kujiandikisha hata mara moja. Aliniuliza kama ni kweli bibi yake alililiwa akiwa hai. Nikamweleza. Nikamwambia, tena kwa ukali ambao sikuutegemea, kwamba haki aliyoichoka yeye bibi yake alikubali kuitwa maiti ili aipate. Akaenda kuchochea moto.

Basi turudi kaburini. Laurian amesema "mgeni wetu mpendwa", na bado ameshika kipaza sauti, anaendelea na habari za ujirani mwema. Waswahili wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alishika jembe miaka themanini, akalala nalo na kuamka nalo. Nilikuwa natafuta pumzi ya kusema hivyo. Nilichelewa. Furaha aliinuka kutoka kwenye nyasi, akaenda mpaka ukingoni mwa kaburi, akachukua chepe mkononi mwa kijana wa kwanza, akalilaza chini. Akachukua la pili. Vijana wakaangaliana, na waliobaki wakayalaza yao wenyewe. Kutoka upande wa wanawake ikasikika fimbo ikigonga mti. Koleta, ambaye sasa haoni vizuri na hushikwa mkono kwenda chooni, alikuwa akijiinua.

"Laurian," aliita, "hatujakusikia. Unamzika nani?"

Kipaza sauti kilivuma. Mvua ilianza kudondoka tena, nyepesi, na hakuna aliyekimbilia turubai. Padri aliangalia kitabu chake. Mzee Laurian alitutazama sote, miaka yote ile usoni mwake, na nilijua anazikumbuka nyasi alizokalishwa siku ile shuleni.

"Mwenyeji," alisema.

"Bado hatujasikia," akasema Koleta.

"Mwenyeji. Mwenyeji wetu, Anastela. Ndiye aliyemwosha mama yangu."

Furaha akaokota chepe, akatupa udongo wa kwanza.